Mabua yamegoma kutoa sukari: pa kuanzia kutafuta tatizo

Mpunga ukishavunwa huku kusini, Mtwara na Lindi, kuanzia Kitere mpaka Narunyu, mabua yanabaki shambani yanasubiri moto au mchwa, na kwenye mahindi na mtama hali ni hiyo hiyo. Sasa kuna vijana, walimu na watu wa vikundi wameanza kuyajaribu, wanataka kuyavunja yatoe sukari halafu sukari waichachushe wapate ethanoli ya kuwashia jiko au ya vitakasa mikono, wengine wanawaza asidi ya laktiki, na malalamiko yanafanana: nimefuata maelekezo yote, sukari haitoki. Wengi wanamalizia kwa kusema enzaimu, yaani ile protini inayokata bua kuwa sukari, ni feki. Mimi nasema subiri kwanza. Enzaimu mbovu zipo kweli, ila mara nyingi shida imeanza kabla enzaimu haijaingia, iko kwenye bua lenyewe au kwenye sufuria lilikochemshiwa, na unaweza kuijua kwa jaribio la hela ndogo kabla hujaagiza chupa nyingine Dar.

Kabla ya kulalamika ujue unalidai bua kiasi gani. Mabua makavu ya mpunga gramu 100 yana selulosi (minyororo ya glukosi) kama gramu 35 hivi, hemiselulosi (minyororo ya sukari nyingine, hasa zailosi) kama 20, lignini (gundi inayofanya bua liwe gumu) kwenye 10 mpaka 15, na majivu mengi ambayo sehemu kubwa ni silika, ile inayofanya jani la mpunga likukwaruze mkono. Kila gramu 1 ya selulosi ikivunjika yote inatoa gramu 1.11 za glukosi kwasababu maji yanaingia kwenye muundo wake. Kwahiyo mwisho kabisa wa glukosi ni gramu 39 hivi, na ukizichachusha zote bila kupoteza hata tone unapata ethanoli gramu 20, yaani mililita 25. Hapo ni ukomo, hakuna anayefika. Ukipata asilimia 60 mpaka 80 ya hiyo glukosi umefanya kazi nzuri sana, kwahiyo anayekuambia kilo ya mabua inatoa lita ya spiriti achana naye.

Jaribio lenyewe ni hili. Chukua chupa tatu za kioo. Ya kwanza weka mabua yako yaliyolainishwa kwa chokaa au kostiki soda, namna ya kulainisha iko chini. Ya pili weka gramu 1 ya karatasi ya chujio ya maabara, kama huna weka tishu nyeupe isiyo na manukato. Ya tatu usiweke kitu, maji yenye bufa (kitu cha kushikilia pH isiyumbe) na enzaimu tu. Zote tatu ziwe na mililita 50, pH 5, enzaimu kipimo kimoja, nyuzi 50, masaa 24, na uwe unazitikisa kila ukipita. Hiyo ya tatu watu wanairuka na ni muhimu, manake enzaimu nyingi za maji zinauzwa zikiwa na sukari ndani kwa ajili ya kuzitunza, usipoitoa hiyo utashangilia sukari iliyotoka kiwandani.

Bufa usiumize kichwa. Ndimu ya unga ya dukani gramu 10 kwenye lita ya maji, halafu unaongeza bekingi soda kidogo kidogo, inatoa povu, unasubiri povu liishe, unapima kwa karatasi za pH mpaka ifike 5. Tumia maji ya mvua au ya chupa kama kisima chako kina chumvi, na huku pwani visima vingi vinayo.

Sukari unaipima kwa glukometa, ile mashine ya wagonjwa wa kisukari, masharti yake yako chini. Ukishapata majibu ya chupa tatu ndipo unajua uelekee wapi.

Karatasi imetoa sukari, mabua hayajatoa

Hii ndio kesi ninayoisikia zaidi. Enzaimu yako ni nzima, iache. Bua halijalainika. Selulosi imefungwa ndani ya lignini na hemiselulosi, enzaimu ni kubwa haiwezi kupenya, na bua ambalo halijatayarishwa kabisa kwa kawaida linatoa chini ya robo ya glukosi yake hata uweke enzaimu ya bei gani.

Kabla ya yote pima pH ndani ya chupa yenye mabua. Siyo pH ya bufa uliyotengeneza, pH ya kwenye chupa, na upime tena baada ya saa moja au mawili. Mabua yaliyochemshwa na kostiki au chokaa yanashika alkali ndani ya nyuzi zake halafu yanaitoa taratibu, ukianza ilikuwa 5, ukirudi ni 7, na enzaimu nyingi za selulosi kwenye 7 zinakuwa kama zimelala. Suluhisho ni kuosha zaidi, unaloweka, unakamua kwa kitambaa, unarudia mpaka maji yatoke karibu meupe, halafu unamalizia kwa ndimu ya unga.

pH ikiwa sawa, angalia chokaa yako. Huku kwetu chokaa inapatikana kirahisi na ni bei nafuu kuliko kostiki, ndio maana watu wengi wanaanza nayo, lakini chokaa iliyokaa kwenye mfuko wazi inavuta hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kama unga wa mawe tu, nguvu yake yote imeisha na kwa macho huoni tofauti. Chukua kijiko, dondoshea siki au ndimu. Ikitoa povu jingi imeshageuka, rudisha kwa fundi apake ukuta. Ikiyeyuka bila povu la maana bado ni nzima. Kipimo ni gramu 10 za chokaa nzima kwa gramu 100 za mabua makavu, maji ya kutosha yafunike, uchemshe masaa mawili huku unakoroga kwasababu chokaa haiyeyuki vizuri, inazama chini na mabua ya juu yanabaki kama yalivyokuja. Kwa wasio na haraka wala kuni kuna njia ya kuloweka bila kuchemsha, unafunika pipa na kuacha wiki kadhaa. Joto letu linasaidia.

Kostiki soda, hiyo wanayotumia akina mama wa sabuni, inafanya kazi haraka zaidi. Asilimia 1 mpaka 2, yaani gramu 10 mpaka 20 kwa lita, na lita hiyo moja inatosha mabua gramu 100, unachemsha kama saa moja. Unatia kostiki kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki, na uvae glavu na miwani bila mjadala, tone moja kwenye jicho linatosha kukuharibia maisha. Dalili kwamba imefanya kazi ni maji kuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea sana na bua kupondeka ukilisugua kwa vidole. Maji yakibaki ya njano hafifu, kostiki ilikuwa kidogo au mabua yalikuwa na udongo mwingi.

Na hapa nisisitize kitu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki inaila alumini, utaona vipovu vingi na sufuria inageuka kijivu, ile hewa inayotoka ni haidrojeni na jiko la mkaa liko hapo chini linawaka. Ni hatari, na zaidi ya hatari kostiki yako inaishia kula sufuria badala ya kulainisha mabua, halafu unakaa unajiuliza mbona hayalainiki. Tumia chuma cha pua au pipa la chuma la kawaida. Chokaa nayo inaila alumini, taratibu kidogo tu.

Sababu nyingine ni ukubwa wa vipande. Vipande vya urefu wa kidole havifai, visagwe kwenye mashine mpaka viwe vya milimita mbili tatu, na uelewane na mwenye mashine kabisa manake silika ya mpunga inamlia nyundo na chekeche. Osha udongo kabla ya kusaga.

Halafu kuna kosa la kukausha. Mtu amelainisha mabua vizuri, ameosha, halafu anayaanika juani Mtwara hii yakauke kau kau apate kupima uzito. Vile vitundu vidogo vilivyofunguka vinajifunga na kuloweka tena hakuvirudishi vyote. Mabua yaliyolainishwa yakae mabichi, kwenye friji ndani ya mfuko, ukitaka uzito mkavu kausha kipande kidogo tu cha kupimia halafu piga hesabu.

Mwisho kwenye kundi hili, angalia ulichokileta. Mabua ya mpunga, mahindi na mtama ni rafiki. Maganda yanayobaki mashineni mpunga ukikobolewa siyo kitu kimoja na mabua, yana silika na lignini zaidi na yatakutesa. Mashina ya ufuta ya Ruangwa au Nachingwea na miti ya mbaazi ni kuni kabisa, wenyewe mnaipikia, lignini yake iko juu. Inawezekana kuivunja lakini inataka joto na presha kubwa, mitambo ya viwandani inatumia mvuke wa nyuzi 160 mpaka 220 na kuuachia ghafla, sasa hicho siyo kitu cha kuiga nyumbani kwa namna yoyote ile. Anza na mabua laini.

Karatasi nayo haijatoa

Sasa ndio tuiangalie enzaimu, ila bado kwa utaratibu.

Joto. Enzaimu za selulosi zilizozoeleka zinataka nyuzi 48 mpaka 50. Kwenye joto la chumba letu, 28 au 30, zinafanya kazi lakini polepole, matokeo ya siku moja yanakuwa ya siku tatu nne na hapo bakteria wameshakuwahi. Ikipita 60 zinaanza kufa na kwenye 70 zimekufa, hata ukipoza baadae hazifufuki. Wengi wanaoweka chupa juani au pembeni ya jiko wanazipika bila kujua. Kuluboksi la samaki lenye maji ya nyuzi 52, mfuniko umefungwa, linashika joto muda mrefu kuliko unavyodhani, unaongeza maji moto asubuhi na jioni, na kipimajoto kiwe ndani ya maji muda wote. Umeme ukikatika haukuathiri, hilo kwetu siyo jambo dogo.

Aina ya enzaimu. Selulasi, yaani enzaimu za kukata selulosi, nyingi za mabua zinatoka kwa kuvu anaitwa Trichoderma reesei, yule aliyegunduliwa Visiwa vya Solomon akila mahema na turubai za jeshi la Marekani wakati wa vita kuu ya pili, na jina akapewa kwa heshima ya Elwyn Reese aliyemtafiti. Hiyo inataka pH 4.8 mpaka 5. Lakini selulasi rahisi kupatikana madukani ya kemikali ni ya kufulia jinzi, na zile ziko za aina mbili, za asidi na zile zinazofanya kazi kwenye pH 6 mpaka 7. Ukiwa na hiyo ya pili ukaiweka kwenye pH 5 utasema ni maji matupu. Rudia jaribio la karatasi kwa pH 6.5 kabla hujaitupa. Kwa pH 6.5 ndimu ya unga bado inashikilia kidogo, usihangaike na bufa nyingine.

Safari na utunzaji. Kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 500, na chupa ikikaa kwenye buti la basi mchana kutwa kisha ikasubiri stendi, nguvu inapungua. Agiza ya unga kama ipo, inavumilia joto kuliko ya maji, mwambie muuzaji aifungie na barafu ila isigusane nayo, ikifika iende friji ya chini, usiigandishe. Kila mwezi ipime kwa karatasi uone inavyoshuka, ukikuta imebaki nusu unaongeza dozi maradufu na maisha yanaendelea.

Inaanza vizuri halafu inasimama

Masaa sita ya kwanza sukari inapanda, kesho yake haiongezeki. Hapa watu wanaongeza selulasi zaidi, hela inapotea. Mara nyingi kinachozuia ni selobiosi, sukari ya glukosi mbili zilizoshikana. Selulasi inakata mnyororo kwa viwili viwili, halafu enzaimu nyingine inaitwa beta-glukosidasi ndio inatakiwa kuvitenganisha. Trichoderma anatoa beta-glukosidasi kidogo, kwahiyo selobiosi inajaa na kuizuia selulasi yenyewe isiendelee. Na glukometa nyingi haziioni selobiosi, wewe unaona namba imekwama tu.

Kulijua hili chukua mililita 10 za maji yako yaliyochujwa, weka asidi kidogo ifike asilimia 2 hivi, ziweke kwenye chupa ya kioo ndani ya presha kuka nusu saa, poza, rudisha pH katikati kwa bekingi soda, pima tena, na usisahau kuhesabu ulivyoyazimua. Namba ikiruka juu sana basi sukari ilikuwepo ila imeshikana. Dawa ni kununua beta-glukosidasi au enzaimu zilizochanganywa tayari kwa kazi ya mabua kama Cellic CTec2. Njia nyingine ni kutia hamira humo humo enzaimu inavyoendelea, hamira inakula glukosi inapotoka na msongamano haujengeki, hapo unashusha joto mpaka 35 kwasababu hamira ya mkate haiwezi 50. Unapoteza kasi unapata mwendelezo, kwa mazingira yetu mimi naona ni biashara nzuri.

Ikiwa asidi haikupandisha namba, angalia uzito wa uji wako. Mabua yakizidi sehemu 10 kwa 100 bila mashine ya kukoroga yanakuwa kama ugali, enzaimu inabaki juu. Anza na 5, baada ya masaa machache ule uji ukishalegea unaongeza mengine 5, na kuendelea.

Sukari ilikuwepo jana, leo haipo

Nusa. Kukiwa na harufu ya maziwa yaliyochacha na pH imeshuka mpaka 4 au chini, bakteria wa laktiki wamekula. Maabara kubwa wanatia antibiotiki au sodiamu azaidi, mimi nakataza kabisa azaidi nje ya maabara, ni sumu ya kuua mtu, na hata hamira yako itakufa nayo. Chemsha mabua na bufa kwanza, yapoe yakiwa yamefunikwa mpaka 50, ndio utie enzaimu, na kijiko cha kukorogea kichemshwe. Kwenye 50 yenyewe bakteria wengi hawapendi, kwahiyo wanaoharibikiwa ni wale walioacha joto lishuke usiku.

Kipimo kinasema sukari nyingi kuliko inavyowezekana

Refraktometa ya asali au ya matunda inasoma chochote kilichoyeyuka: ndimu, soda, chumvi, lignini, vyote inaviita sukari. Kwa mabua haifai peke yake. Mchanganyiko wa Benedict wa sekondari unakuambia ipo au haipo, kiasi unakisia kwa rangi. Walioko chuoni wanaotumia DNS, ile njia ya Miller ya mwaka 1959 ya kupima sukari kwa rangi, wakumbuke inasoma zailosi na nyinginezo zote pamoja na glukosi, kwahiyo usigawanye namba hiyo kwa selulosi peke yake ukajipa asilimia 110.

Glukometa ya kisukari ni nzuri kushangaza ukiipa masharti. Nyingi zinaishia kwenye 33 (mmol kwa lita), na karatasi gramu 1 iliyovunjika yote kwenye mililita 50 ni zaidi ya 120, kwahiyo zimua mara kumi. Zidisha namba ya mashine kwa 0.18 upate gramu kwa lita. Vijiti vya baadhi ya mashine vinasoma zailosi kama glukosi, na vyote vimetengenezwa kwa ajili ya damu siyo maji ya mabua, ndio maana kila siku ya kupima unaanza na glukosi ya unga ya duka la dawa, gramu 2 kwa lita, ikisoma karibu na 11 uko sawa, ikisoma vingine unarekebisha kwa uwiano huo.

Umetumia asidi, sukari ipo, hamira haiumuki

Njia ya asidi ni tofauti, inayeyusha hemiselulosi na kukupa zailosi. Watu wanatumia asidi ya betri, ile mpya ya duka la spea ina asilimia 35 hivi, mililita 22 kwenye lita inakupa asilimia 1. Asidi ndio inaingia kwenye maji, siyo kinyume. Ya kwenye betri kuukuu usiiguse, ina risasi. Inapikwa kwenye chupa ya kioo ndani ya presha kuka, nyuzi 121, nusu saa mpaka saa moja.

Maji yakitoka kahawia iliyokolea na harufu kali ya kuungua yenye utamu wa lozi, umepitiliza. Zailosi imegeuka furfurali, glukosi kidogo nayo imegeuka vitu vya aina hiyo, na hamira haivipendi. Pia mabua yenyewe yanaachia asidi ile ya siki, hiyo inatoka hata usipounguza. Punguza muda kabla ya kupunguza asidi. Kwa maji uliyonayo tayari, pandisha pH mpaka 10 kwa chokaa nzima, shikilia nyuzi 50 mpaka 60 nusu saa, chuja, kisha rudisha mpaka 5.5. Furfurali na fenoli (mabaki ya lignini) zinapungua, asidi ya siki inabaki pale pale, ndio maana nimesema 5.5 siyo 4.5, kwenye 4.5 asidi ya siki inaingia ndani ya hamira kirahisi zaidi.

Hamira imefanya kazi, imesimama nusu, sukari bado ipo

Pengine hakuna kilichoharibika. Hamira ya mkate haili zailosi. Kama umetumia asidi, au umetumia chokaa na enzaimu zako zina uwezo wa kuvunja hemiselulosi, sehemu kubwa ya kinachobaki ni hiyo. Ipo hamira nyingine, Scheffersomyces stipitis, inayoichachusha zailosi kuwa ethanoli, inataka hewa kidogo sana siyo nyingi, na inapatikana kwa njia ya vyuo na taasisi za utafiti zaidi kuliko madukani. Kwa kikundi kidogo ningesema bakteria wa laktiki wapewe hayo mabaki, wapo wa aina zinazokula zailosi.

Kuhusu yale maji meusi ya kostiki: ukiyatia asidi yaweze kumwagwa yanaganda kama uji mzito, hiyo ni silika na lignini zinajitenga, siyo kwamba umekosea. Yaache yatulie usiku, mimina ya juu, ile tope ichuje na ikauke, lignini yake inawaka. Maji ya juu yana chumvi nyingi, yasiende kwenye bustani wala mtoni, na ethanoli inayotokana na kazi hii yote ni ya jiko na kemikali tu, isinywewe na mtu.